Sura ya Nne: Nyumba Inayopiga Hodi

Mzee alitukuta tumekwisha kuzima injini. Alishuka kutoka upande wa juu wa shamba, akipita katikati ya mabua ya mahindi yaliyovunwa, fimbo mkononi na shuka limezungushwa begani. Jua lilikuwa linatua upande wa milima ya Monduli, na ule upepo wa Oldonyo Sambu, ambao anayeujua hasahau koti, ulikuwa umeanza kushuka kutoka Meru. Mke wangu alikuwa amewasha jiko. Watoto wetu wawili walikuwa wanagombea kitanda cha juu.

"Shikamoo, mzee," nilisema nikishuka ngazi.

"Marahaba. Mmeharibikiwa?"

"Hapana, mzee. Gari ni zima."

"Basi mafuta yamewaishia."

"Mafuta yapo. Tumefika. Tutalala humu humu ndani."

Aliligeukia gari akalitazama taratibu, kuanzia tairi za mbele mpaka ngazi ya nyuma. Ni Toyota Coaster iliyowahi kuwa basi la shule. Madirisha yalikuwa na mapazia, na paa limebeba paneli mbili za sola. Kisha akaniuliza swali ambalo limekaa nami kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu safari za namna hii.

"Mmefika kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefika mahali. Sikuwa nimefika kwa mtu. Nilikuwa nimeona uwanja tambarare kando ya barabara ya Namanga, nikaona mlima vizuri, nikaona hakuna ua wala geti, nikaegesha. Mzee alielewa ukimya wangu. Hakupandisha sauti.

"Usiku mkipata shida mtamwita nani?" alisema. "Na mimi nikiamka saa nane nikaona taa hapa, nitajuaje kama ni mgeni au ni mtu aliyefuata ng'ombe? Hodi haipigwi mlangoni tu, mwanangu. Hata shamba lina mlango wake."

Nilimwomba radhi. Watoto walishuka wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini kama ilivyo desturi ya huko. Akatuonyesha njia ya kuingilia bomani kwake, tukaliegesha gari mita chache kutoka zizi la mbuzi. Akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili kuwaambia kuwa basi lililopo kwake ni la wageni wake. Usiku ule tulilala usingizi ambao hauwezi kununuliwa kwa kufuli la aina yoyote.

Sura hii ni juu ya wiki moja tuliyoitumia kuuzunguka Mlima Meru katika nyumba yenye magurudumu. Nitaeleza jinsi gari linavyotengenezwa, mahali pa kulala na maji ya kujaza kwenye tangi. Lakini kila nitakachosema kinasimama juu ya lile swali la mzee. Katika lugha yetu nyumba hukaa, na mgeni ndiye anayeijia na kuita hodi. Ukiifunga nyumba yako kwenye chesisi na kuiendesha, umegeuza mpango huo. Nyumba yako sasa ndiyo mgeni, na ni juu yake kupiga hodi.

Basi kabla halijawa nyumba

Gari letu lilizaliwa upya Unga Limited, mtaa wa Arusha uliorithi jina la kinu cha unga, na ambao kwa miongo mingi umekuwa mahali pa viwanda vidogo, magereji na moto wa kuchomelea. Anayedhani kwamba kugeuza basi kuwa nyumba ni ufundi wa Wazungu waliohama na kabati zao, atembee mjini Arusha asubuhi moja. Mafundi wa mji huu wamekuwa wakikata na kuunga magari kwa muda mrefu. Landkruza ya kawaida huingia gereji, ikakatwa katikati, chesisi ikarefushwa, bodi ikaongezwa viti, na juu likawekwa paa la kuinuka ili mtalii asimame na kumtazama simba bila kufungua mlango. Ndiyo magari yanayopanga foleni kwenda Ngorongoro na Serengeti. Mtu anayejua kurefusha Landkruza bila chesisi yake kupinda hashindwi kuweka kitanda ndani ya Kosta.

Fundi wetu alianza kwa kututaka tueleze maisha yetu. Mnaamka saa ngapi? Nani anapika? Mtoto mdogo anaamka usiku? Tulidhani anapiga soga, kumbe alikuwa anachora. Baada ya hapo alitoa viti vyote, akang'oa zulia, akakagua sakafu kwa nyundo akisikiliza mlio wa kutu. "Kutu ukiifunika kwa plaiwudi," alituambia, "umeipa chumba cha kulala."

Jambo la kwanza alilolisisitiza ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 ni sawa na watu wazima wawili ambao hawashuki garini. Tangi likikaa nyuma kabisa, mkia wa gari utalemea na usukani utakuwa mwepesi mno kwenye kona. Likikaa upande mmoja, gari litaegemea. Alilifunga chini, katikati ya ekseli mbili, na betri akazipanga upande wa pili kusawazisha. Kabati za juu zilitengenezwa kwa mbao nyepesi, zikapewa vitu vyepesi: nguo, taulo, mkate. Sufuria na unga vilikwenda chini.

La pili ni gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka na kutanda sakafuni, ikisubiri cheche. Kwa hiyo mtungi wetu una kisanduku chake kilichofungwa upande wa ndani na chenye tundu linalotoka chini ya gari. Fungua dirisha kadiri unavyotaka. Bila tundu la chini hujajilinda.

La tatu ni umeme. Kosta yetu inatumia volti 24 kuwasha injini, wakati taa, pampu ya maji na chaji za simu tulizonunua ni za volti 12. Fundi umeme alikataa katakata kuchanganya mifumo hiyo. Betri za nyumba zina sola yake na njia yake, ili tukisahau taa usiku kucha, asubuhi injini bado iwake. Choo ni ndoo yenye mfuniko na kiti cha mbao, pamoja na gunia la maranda kutoka kwa seremala wa jirani. Maranda hufyonza unyevu na kuzuia harufu kuliko dawa za dukani.

Mwisho, tulilipeleka gari likakaguliwe na kadi yake ibadilishwe, kwa sababu lililosajiliwa kubeba abiria wengi halikuwa basi tena. Msomaji anayetamani safari hii asiruke hatua hiyo. Askari wa barabarani naye ana mlango wake, na kadi iliyo sahihi ndiyo hodi yake.

Waliotangulia barabarani

Asubuhi ya pili tulimuaga mzee, tukarudi mjini na kushika barabara ya Dodoma. Tukapita uwanja wa ndege wa Kisongo, na kilomita kama 25 kutoka mjini tukafika Meserani. Hapo pana Meserani Snake Park, iliyofunguliwa mwaka 1993 na familia iliyotoka Afrika Kusini. Wengi wanaijua kwa nyoka wake. Wasafiri wa nchi kavu wanaijua kwa uwanja wake wa kambi, na Wamasai wa jirani wanaijua kwa zahanati yake, ambako waliong'atwa na nyoka wamekuwa wakitibiwa.

Ni katika viwanja kama huu, na kama Masai Camp ya barabara ya zamani ya Moshi, ambapo Arusha ilizoeana na nyumba zinazotembea. Kuanzia miaka ya 1960 makampuni ya Uingereza yalianza kuchukua malori, mengi yakiwa Bedford yaliyokwisha kutumika jeshini, yakayawekea viti nyuma na kubeba vijana kuvuka Asia na Afrika. Lori la namna hiyo ni kijiji kidogo. Ubavuni lina milango inayofunguka na kuwa meza ya jiko. Chini lina masanduku ya mahema. Juu lina nafasi ya kuni na mizigo. Abiria hupangiana zamu za kupika, kuosha vyombo na kwenda sokoni. Safari ya Nairobi hadi Cape Town kwa lori huchukua takriban miezi miwili, na Arusha ni miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo.

Mpangilio wa safari hizo katika mji huu una siri ambayo wapita njia wengi hawaijui. Mara nyingi lori lenyewe haliendi Serengeti. Linaegeshwa Arusha au Meserani, abiria wanahamia kwenye Landkruza za hapa hapa, wanakwenda kuona wanyama kwa siku mbili tatu na madereva wetu, kisha wanarudi. Siku hizo lori linapumzika. Fundi wa springi anaitwa. Nguo zinafuliwa. Mama wa soko la Kilombero anauza nyanya na vitunguu kwa kreti. Msafiri atakayeandika kwamba alivuka Afrika kwa lori alivuka pia mikononi mwa watu hawa.

Mjini, kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa, wageni hupenda kupiga picha kwa sababu ya usemi wa siku nyingi kwamba hapo ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Ukichukua ramani na rula, katikati yenyewe inaangukia mbali magharibi, ndani ya misitu ya Kongo. Lakini kwa mtu wa barabara usemi una maana yake, kwa kuwa njia haifuati rula. Inafuata mahali penye maji, daraja, fundi na mwenyeji. Mfano ni msafara wa Court Treatt, uliotoka Cape Town Septemba 1924 kwa magari mawili ya Crossley, na ukaingia Cairo Januari 1926. Miezi kumi na sita, sehemu kubwa yake ikiwa ni kuvuta magari kwenye matope na kuvuka mito isiyo na madaraja. Leo, tangu kipande cha kilomita 251 kati ya Babati na Dodoma kilipokamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, mtu anaweza kutoka Namanga, akapita Arusha, akafika Iringa bila kukanyaga vumbi.

Hata hivyo lami pekee haifungui njia. Wazee wa Arusha wanakumbuka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Magari ya utalii kutoka Kenya yaliyokuwa upande huu yalizuiwa. Barabara ya Namanga ilikuwepo, mlima ulikuwepo, hoteli zilikuwepo, lakini mlango ulikuwa umekomewa. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983, baada ya makubaliano yaliyofikiwa katika mji huu huu wa Arusha. Na ni hapa pia, tarehe 30 Novemba 1999, ambapo mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini. Siku hizi Namanga kuna kituo cha pamoja cha forodha. Unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, pale ambapo zamani ulipanga foleni upande mmoja kisha ukaipanga upya upande wa pili. Kwa sisi tunaosafiri na nyumba zetu hilo si jambo dogo. Majirani wamekubaliana kusikia hodi kwa pamoja.

Kando ya Duluti

Tulirudi mjini, tukashika barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, tukaingia kwenye uwanja wa kambi kando ya Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta, duara, limezungukwa na msitu.  Hapa hodi ni rahisi: kuna geti, kuna mlinzi, kuna kitabu cha wageni na bei ya usiku.

Huko Marekani mpango huu umekuwa tasnia nzima. Mwaka 1962 mjini Billings, jimbo la Montana, ulifunguliwa uwanja uliozaa mtandao wa viwanja vya KOA. Mwenye nyumba ya magurudumu anapewa kiwanja chenye namba. Anachomeka umeme, anaunganisha bomba la maji na la maji machafu, analala. Ni mpango mzuri, na ningependa kuona mfano wake kwenye barabara zetu kuu, kutoka Tanga hadi Mwanza, kwa ajili ya familia zetu wenyewe na si kwa wageni tu. Baba anayesafiri na watoto wanne kwenda kuzika au kusherehekea angefurahi kupata mahali salama pa kuegesha, pa kupikia uji na pa kuoga, kwa bei isiyomshinda. Ardhi tunayo, walinzi tunao. Tunachohitaji ni kuliona jambo hili kama huduma ya wananchi.

Jumamosi tulitembea kwa miguu hadi soko la Tengeru. Siku hiyo vilima vyote vya Meru vinashuka: ndizi za mtori na ndizi za machalari, maparachichi, maharage ya kila rangi, viatu, kuku, mikungu juu ya vichwa vya akina mama. Mke wangu alinunua ndizi kwa mama mmoja aliyetaka kujua tunakaa wapi. "Ndani ya basi," binti yetu alimjibu. Mama akamwongezea ndizi tatu. "Mwenye nyumba ndogo apewe kikubwa," alisema.

Karibu na hapo kuna makaburi ambayo kila mwenye kupenda safari anapaswa kuyaona. Mwaka 1942 walianza kufika Tengeru wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu, wakaachiliwa, wakapita Uajemi, wakavuka bahari hadi Afrika Mashariki. Kambi yao ilikuwa ya nyumba za duara za kuezekwa kwa majani, na ilifikia watu wapatao 5,000. Waliweka shule, kanisa na mashamba. Vita vilipokwisha wengi walitawanyika tena duniani. Wengine wamelala hapa, majina yao yamechongwa kwenye mawe chini ya miti, na makaburi bado yanatunzwa.

Nilisimama na watoto mbele ya kaburi la mtoto mdogo. Mwanangu aliuliza kama yule naye alikuwa anasafiri na nyumba. Nilimwambia hapana, yeye alinyang'anywa nyumba. Sisi tunasafiri kwa hiari, na tukichoka tutarudi. Wako waliosafiri kwa sababu hapakuwa na pa kurudi. Mtu anayeendesha nyumba kwa raha yake anapaswa kulijua hilo, ashukuru, na awapokee wanaokuja bila raha.

Maji ya kunywa na maji ya kuoga

Kutoka Tengeru tulipita Usa River hadi Maji ya Chai. Jina hili halikutungwa kwa uzuri tu. Mto wake una rangi ya chai. Na ni hapa ambapo mwenye tangi garini anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote katika safari hii.

Meru ni volkano, na mara ya mwisho ilitoa moto kidogo mwaka 1910. Miamba yake ina madini ya floraidi ambayo huyeyuka taratibu katika maji ya chini ya ardhi, hasa upande huu wa mashariki na kaskazini. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwenye baadhi ya vyanzo vya huku kiwango hupita hapo mara nyingi. Matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia hapa, na walioathirika zaidi hupinda mifupa. Watoto ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu madini hayo huingia kwenye meno wakati yanajengeka, katika miaka minane ya kwanza ya maisha.

Maji hayo hayatoi harufu wala hayabadilishi ladha. Na kuyachemsha hakusaidii: mvuke unakwenda, floraidi inabaki, maji yanakuwa makali zaidi. Watafiti wa kituo cha Ngurdoto wamefanya kazi kwa miaka mingi na kichujio cha mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto maalumu, ambayo hunasa floraidi maji yanapopita. Ni elimu iliyopatikana hapa hapa, kwa mfupa uliotoka buchani, na inastahili kujulikana nchi nzima.

Sisi tuliweka utaratibu wa vyombo viwili. Tangi kubwa ni la kuoga na kuosha vyombo, na linajazwa popote. Madumu manne ya bluu ni ya kunywa na kupikia, na yanajazwa tu mahali ambapo wenyeji wametuambia kuwa wao wenyewe wanawanywesha watoto wao. Hilo nalo huwezi kulisoma kwenye ramani. Unashuka, unaamkia, unauliza: "Samahani mama, maji ya kunywa mnachota wapi?" Kila aliyeulizwa alituonyesha, na wawili walitusindikiza.

Ngare Nanyuki

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 552. Tuliingia asubuhi. Twiga walikuwa kwenye uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, na mbega weusi kwa weupe walikuwa juu ya miti wakiruka kama shuka zilizorushwa na upepo. Kambi za Momella zinatazama moja kwa moja ndani ya mlima. Yapata miaka 8,000 iliyopita ukuta wa mashariki wa Meru ulianguka, ukamwagika bondeni, na katika mashimo ya tope hilo yakajikusanya maziwa ya Momella, kila moja na rangi yake na magadi yake. Ukilala pale, asubuhi unaona mlima wa takriban mita 4,566 uliofunguliwa ubavu, na korongo wanatua majini. Nilikaa nje ya gari tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda, nikahisi jinsi nyumba yangu ilivyo ndogo, na jinsi inavyotosha.

Ukitoka geti la Momella unafika Ngare Nanyuki, na kwangu hapa ndipo moyo wa safari ulipo.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi hii ili ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto. Watu na mifugo yao wakapelekwa King'ori, kwenye joto na magonjwa waliyoyakataa tangu mwanzo. Wameru hawakupigana kwa mikuki. Walichangishana fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet, akafika New York mwaka 1952 na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza jinsi watu wake walivyofukuzwa. Yeye na mwanasheria Earle Seaton baadaye waliandika kitabu juu ya kesi hiyo. Hawakushinda siku ile, lakini Tanganyika nzima ilisikia, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa katika nchi iliyokwisha kujifunza kudai. Ardhi ya Ngare Nanyuki ilirudi mikononi mwa wenyewe.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo shuleni kama aya moja. Nikiwa nimeshika usukani wa nyumba yangu, nikitafuta pa kulala katika ardhi ile ile, niliisikia kwa namna nyingine. Wale waliokuja mwaka 1951 nao walitazama uwanja tambarare, wakaona mlima vizuri, wakaona panafaa. Walichokosa kuuliza ni kile mzee wa Oldonyo Sambu alichoniuliza mimi: kwa nani?

Saa kumi jioni, mapema kuliko tulivyozoea, nilisimamisha gari barabarani bila kuingia popote. Nilishuka peke yangu. Kulikuwa na nyumba ya bati yenye migomba upande mmoja na nyanya upande wa pili. Eneo hili ni la nyanya. Nilisimama kabla ya ua.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu! Nani?"

Alitoka bibi mmoja akijifuta mikono kwenye kanga. Nilimwamkia, nikamweleza: tupo wanne, tunatoka mjini, nyumba yetu ni gari lile, tunaomba kulala usiku mmoja, maji ya kunywa tunayo, uchafu wetu tunaondoka nao, na kama kuna mahali tusipopaswa kuegesha atuambie. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama barabarani, akawaona watoto dirishani.

"Mwanangu," alisema, "sasa mbona umewaacha wenzio barabarani? Waingie."

Alituonyesha kivuli cha mti nyuma ya nyumba. Jioni tulipika pamoja. Mke wangu alitoa ndizi za Tengeru, bibi akatoa maziwa na nyanya. Alituambia kwamba mama yake alibebwa mgongoni siku ile ya kufukuzwa, na kwamba mti tulioegesha chini yake ulipandwa walipopata kurudi. Hakusema zaidi, wala sikumuuliza zaidi.

Asubuhi niliamshwa na sauti ndogo nje ya mlango wa gari. Wajukuu wa bibi watatu walikuwa wamesimama chini ya ngazi, mmoja ameshika chupa ya chai ya maziwa, wakisukumana nani aseme. Mkubwa wao ndiye aliyejipa moyo.

"Hodi!" akaita.

Tangu tutoke Unga Limited, hakuna aliyekuwa ameiita nyumba yetu hivyo. Binti yetu aliruka kutoka kitanda cha juu, akafungua mlango, akajibu kama mama yake anavyojibu nyumbani:

"Karibuni ndani."